Tumbo ni Langu

Dokta Mounira hakuzungusha maneno. Aliweka simu yake juu ya meza, akaigeuza ili Consolée aione mwenyewe karatasi iliyopigwa picha na kutumwa kutoka Bukavu asubuhi ile.

"Mama Falonne," alisema, "kile kipande nilichokitoa tumboni mwako kwa kamera, wamekipima. Ni kansa. Kwa nilivyoona haijaenda mbali, naweza kuikata. Lakini mimi niko hapa Kasongo mpaka Jumamosi ya wiki ijayo tu. Baada ya hapo, nafasi yako ya kupasuliwa karibu na kwenu sijui itatoka wapi."

Chumba kilikuwa na watu wanne. Consolée, mkulima wa mpunga wa kijiji cha Wamaza, mjane wa miaka arobaini na sita, alikuwa amejifunga kitenge kikamzunguka mara mbili na ncha bado ikabaki. Kando yake alikaa Falonne, binti yake wa pekee, mshonaji wa nguo. Dirishani alisimama Antoine, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuja na shati la kanisani kwa sababu hospitali iliagiza mgonjwa aje na mkubwa wa familia. Daktari mwenyewe alikuwa mtoto wa Kasongo, wa familia moja ya nyuma ya msikiti, aliyekwenda kusomea upasuaji Bukavu na kurudi mwezi mmoja kila mwaka kutibu bure.

Consolée hakulia. Aliuliza jambo lililomsumbua kwa miezi mingi.

"Ugonjwa iko tumboni, dokta. Sasa juu ya nini inaniuma mugongo?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Tumbo lina mishipa ya fahamu mingi sana. Si ile ya damu. Ni ile inayopeleka habari, inayokwambia umeshiba, inayokoroga tumbo ukipata habari mbaya. Uvimbe huu unaivuta mishipa hiyo iote kuelekea kwake, na mishipa nayo inamwaga vitu vinavyousaidia kukua. Halafu uvimbe unatambaa kwa kuifuata, kama magugu yanavyofuata mfereji wa shamba. Uvimbe ukiigusa ile ya nyuma, wewe unasikia maumivu mgongoni."

Antoine alisogea kutoka dirishani. "Kwa hiyo, dokta, mutu akiwa na hasira, mashaka, kesi, hiyo mishipa inafanya kazi sana? Inalisha ugonjwa?"

"Kuna wataalamu wanaochunguza hilo. Kwa panya wa maabara wameona kwamba..."

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alisema mama wa chumba cha uzazi anapoteza damu. Dokta Mounira alisimama na kutoka mbio, sentensi yake ikabaki katikati ya chumba. Antoine aliichukua nusu ile kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

Kwenye ofisi ya mapokezi, karani alichukua karatasi ya ruhusa ya upasuaji bila kumtazama Consolée usoni.

"Mwanaume wenu iko wapi?"

"Alikufa, baba. Miaka tatu sasa."

"Basi wa upande wake. Mwanamuke hapelekwi kwenye kisu bila mukubwa wa familia kusinya. Mukimupoteza, kesho mutakuja kutupigia kelele hapa."

"Ni mimi," Antoine alisema. Aliipokea kalamu ya kusainia, akaisoma karatasi taratibu, mdomo ukicheza kama anasali. Halafu akaifunika kalamu na kuirudisha mezani. "Tutasinya tukishakaa kama familia."

Watu waliokuwa wakingoja nyuma yao kwenye foleni waligeuka kumtazama Consolée. Alijiona kama mbuzi aliyeletwa sokoni na mwenyewe akakataa kumuuza.

Nje, penye kamba za kuanikia mashuka ya wagonjwa, Antoine alisema aliyotaka kusema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha Consolée kuliko ugomvi wote waliokuwa nao.

"Shemeji, mi sikukatazi kupona. Lakini umesikia dokta mwenyewe. Mishipa yako ndiyo inalisha hii ugonjwa, na mishipa inachemka juu ya kesi. Tukukate leo, kesho utarudi Kabambare kwa hakimu na moto ule ule, ugonjwa utaota tena. Uondoe kesi. Roho itulie. Siku hiyo hiyo nitasinya."

"Na shamba?"

"Shamba la ndugu yangu litabaki kwa ndugu zake. Njoo Wamaza Siku ya Mungu, nyuma ya misa. Tutakaa wote."

Alipanda pikipiki yake, akaondoka.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo. Mwezi wa pili Antoine aliwaingiza wachimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Lusangi katika bonde ambalo Consolée alililima na mumewe miaka kumi na tisa. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Walichimba mashimo, wakayageuza maji ya kijito, na alipokwenda kuwazuia walimwonyesha karatasi yenye jina la Antoine. Consolée alitembea siku mbili mpaka Kabambare kuweka malalamiko.

Njia ya kurudi Wamaza ilimkalia vibaya. Kila shimo la barabara lilipanda kwenye uti wa mgongo. Karibu na daraja la miti alimwomba dereva wa pikipiki asimame, akateremka na kutapika maji matupu kwenye majani. Falonne alimshika kiuno, akampangusa mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

"Mama," alisema bila kumtazama, "tuache ile kesi."

Consolée alinyoosha mgongo. "Hata weye?"

"Nilimusikiliza dokta mwenyewe, nikasikia sawa na baba mudogo. Kama ni kweli hasira inakuua? Nitakupoteza juu ya matope?"

Consolée alijifunga kitenge upya. Alipanda tena nyuma ya dereva, lakini swali lile lilipanda naye. Kwa mara ya kwanza alijishuku. Alikumbuka asubuhi alizoamka meno yakiuma kwa kuyabana, jinsi tumbo lilivyojikunja kila aliposikia mlio wa pampu za wachimbaji. Je, ni yeye aliyejipandia kitu hiki? Ni yeye aliyekilea, kila siku, kwa ukaidi wake? Wazo hilo lilimchoma kuliko ugonjwa. Kufa ni jambo lingine. Lakini kufa na kuambiwa umejiua mwenyewe, na walioharibu shamba lako waje kutoa pole mbele ya jeneza lako! Akaanza kuhesabu nyuma, polepole, mavuno baada ya mavuno. Lini alikula sahani nzima ya wali kwa mara ya mwisho? Lini lile joto la chini ya kifua lilianza? Walipofika kwenye mashamba ya kwanza ya Wamaza alikuwa amepata jibu, na mgongo wake, ingawa uliuma vile vile, ulikaa wima.

Jumapili, hiyo Siku ya Mungu, uani kwa Antoine, wanaume walipewa viti vya plastiki. Julienne, mke wa Antoine, alimletea Consolée kigoda cha jikoni, kile kifupi cha kukalia mtu anayepepeta mchele. Akakaa, magoti yakifika karibu na kidevu, akilazimika kumtazama kila mmoja kutoka chini. Kisha Julienne akamwekea sahani ya maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, akasimama pale pale kuona kama itapungua. Falonne alitaka kuiondoa. Mama yake alimkataza kwa jicho.

Kapita, mkuu wa kijiji, alikuwapo, na wazee watatu wa ukoo, na shangazi wawili. Kila mmoja alisema kwa zamu, na wote walisema kitu kimoja.

"Mishipa, mwanangu. Dokta amesema mishipa."

"Mutu anakufa kwa moyo kushika vitu."

"Hata kwenye redio wanasema, mashaka inaleta kansa," Julienne aliongeza. "Mi nilimwambia zamani huyu, achia. Lakini kichwa chake iko ngumu."

Kapita alikohoa. "Mama Falonne, hakuna mutu anakufukuza. Utapewa kipande cha kulima muhogo kule juu. Utulie. Antoine atasinya, utapasuliwa, utapona. Kuna ubaya gani?"

Consolée alisimama. Hakutaka kuwajibu akiwa kwenye kigoda. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia isipokuwa Falonne.

"Nimewasikia," alisema. "Sasa munisikilize. Mi sikusoma sana, lakini kuhesabu najua. Hii tumbo ilianza kuniwaka mavuno ya mwaka jana. Siku hizo nilikuwa na amani. Mpunga ulijaa, Falonne alipata cherehani, nilikuwa naimba kwaya. Antoine, wachimbaji wako waliingia mwezi wa pili mwaka huu. Ugonjwa ulitangulia. Ulinikuta nikicheka. Sasa niambieni, hasira ya mwezi wa pili ilirudije nyuma kuleta ugonjwa wa mwaka uliopita?"

Mmoja wa wazee alianza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Lakini tuseme munasema kweli. Tuseme ugonjwa ulikuwa mudogo, na hasira iko inaulisha. Sawa. Nani anapika hiyo hasira? Ni mimi nilichimba shamba langu? Ni mimi niligeuza maji? Shemeji, kama unajua kabisa kwamba mashaka inaniua, na mashaka inatoka kwako, basi dawa iko mukononi mwako. Toa watu wako bondeni. Kesi itakufa yenyewe, na mishipa yangu italala. Mbona munampa dawa aliyeumizwa, na aliyeumiza munamupa kiti?"

Shangazi mmoja, mkubwa wao, alicheka ghafla, akaziba mdomo kwa kiganja. Antoine alikuwa amesimama pia.

"Unanitukana mbele ya watu nyumbani kwangu?"

"Nakuuliza. Tusi liko wapi?"

"Basi utafute mwengine wa kukusinyia! Ukifa, usiseme sikukuonya."

"Nikifa sitasema kitu," Consolée alijibu. "Ndiyo maana nasema leo."

Aliichukua ile sahani, akaiweka mikononi mwa Julienne ikiwa imejaa vile vile, akamshukuru kwa heshima, akatoka.

Jumatano alikuwa tena mbele ya karani wa Kasongo. Alikuwa na joto la homa na midomo mikavu. Falonne alibeba mkoba wenye sabuni, shuka na bilauri.

"Mukubwa wa familia?" karani aliuliza.

"Ni mimi."

"Nimesema mwanaume."

"Baba," Consolée alisema, "tumbo litakalopasuliwa ni la nani?"

"Lako."

"Nani atalala pale mezani? Wewe? Shemeji yangu?"

"Mama, usinisumbue. Huu ni utaratibu."

"Umeandikwa wapi? Nionyeshe nisome. Kusoma najua."

Karani alifungua droo, akaifunga. Alitafuta kwenye ubao wa matangazo, penye ratiba ya chanjo na onyo la kutotema mate. Watu wa foleni walianza kunong'ona. Consolée hakungoja. Aliivuta karatasi, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, hata pale palipoandikwa kwamba mgonjwa anaweza kufariki. Alipofika kwenye nafasi ya mkubwa wa familia aliandika jina lake, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, akasaini chini yake.

"Hii haifai!" karani alisema. Akainyakua, akaenda nayo moja kwa moja kwa daktari, Consolée akimfuata kwa mwendo wake wa pole huku ameshika ukuta.

Dokta Mounira aliiangalia karatasi upande wa mbele na wa nyuma. "Ameisoma?"

"Ameisoma yote, dokta. Kwa kelele. Lakini..."

"Ana akili timamu?"

Karani alimtazama Consolée. "Kupita kiasi," alisema.

"Basi imekwisha. Piga muhuri." Karani alipotoka, daktari alimwambia mgonjwa akae. "Nilisikia shemeji yako amekataa. Kwa nini?"

Consolée alimweleza kila kitu, tangu nusu ile ya sentensi iliyookotwa chumbani mpaka kigoda cha jikoni. Daktari alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Nilipaswa kumaliza kusema siku ile," alisema hatimaye. "Nisikilize sasa. Kwa panya wa maabara, wakikata mishipa fulani ya tumbo au wakiizuia kwa dawa, uvimbe unapunguza mbio. Ni kweli. Wakiwatia hofu siku nyingi, mara nyingine uvimbe unakua zaidi. Kweli pia. Kwa binadamu bado wanajaribu, na majibu hayajatulia. Lakini hakuna mtu, hapa wala Ulaya, aliyethibitisha kwamba mama fulani alijipa kansa kwa kudai haki yake. Watu wanachunguza mishipa ili wapate dawa. Hawaichunguzi ili wampate wa kumlaumu."

"Na nikiendelea na kesi? Nitakufa mbio zaidi?"

"Sijui, mama. Kipimo cha hilo sina. Nikuulize mimi: unalala?"

Consolée alifikiri. "Nikiwaza kuacha shamba, silali. Nikiwaza kusimama mbele ya hakimu, nalala mpaka jogoo."

Daktari alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Basi mishipa yako imeshajibu. Kesho usile kitu. Nitakuchukua wa kwanza."

Walimpasua Alhamisi. Falonne alikaa kwenye sakafu ya baraza kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, akiukunja na kuukunjua mkoba. Ndugu hakuja hata mmoja, ila yule shangazi aliyecheka. Alishuka kwenye pikipiki mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akakaa sakafuni pamoja na msichana, akasema tu, "Mama yako ana mudomo," na akamshika mkono mpaka mlango ulipofunguliwa.

Jumamosi, Consolée alipoweza kuketi, daktari alimwambia ukweli kama alivyozoea. Alikata sehemu kubwa ya tumbo na vitu vya kando yake. Alichoweza kukiona alikitoa. Lakini kwenye baadhi ya mishipa ya fahamu aliukuta ugonjwa umeshaanza kutambaa.

"Maana yake unaweza kurudi," alisema. "Mwakani, au baada ya miaka, au usirudi. Kuna dawa za kuongezea; nimeandika barua upokelewe Bukavu. Nenda ukipata nguvu. Utakula kidogo kidogo, mara nyingi. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

"Umeniahidi muda," Consolée alisema. "Unatosha kuanzia."

Falonne alikuwa amegeukia ukuta. Mama yake alimwita. "Njoo. Siku ile kwenye daraja sikukujibu. Hukukosea kuogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini sikiliza: ningeliachia shamba na bado nikafa, ungerithi nini? Ungerithi hadithi ya mama aliyejiua kwa hasira. Sitaki uishi na hadithi hiyo. Ni ya uongo."

Falonne aliegemeza kichwa kitandani, mbali na kidonda, akalia mpaka akachoka. Consolée alimwacha alie.

Wiki ya nane baada ya kupasuliwa, siku ya kesi, alikwenda Kabambare na kitenge kimekazwa tumboni kama mkanda. Walisimama njiani mara tano ili ale vijiko viwili vya uji. Kwenye baraza la mahakama Antoine alikuwa amefika mapema na shati lile lile la kanisani.

"Bwana hakimu," Antoine alisema, "shemeji yangu ni mugonjwa. Dokta alisema mbele yangu, mishipa yake imeharibika. Hasira yake si ya mutu muzima. Tunaomba kwa huruma, ardhi isimamiwe na familia."

Hakimu, mwanamume mnene aliyejipepea kwa faili, alimgeukia Consolée. "Mama, ni kweli una ugonjwa wa mishipa?"

"Ni kweli nilikuwa na kansa tumboni, bwana hakimu. Ilishika mishipa, wakaikata. Kovu liko hapa, ukitaka mwanamuke aje alitazame." Alitoa karatasi ya hospitali, akaiweka mezani. "Lakini mashimo yaliyoko bondeni, yana urefu wa mutu mzima. Hayo si mishipa yangu iliyoyachimba. Nimeleta majirani watatu walioyapima."

Majirani walisema. Yule shangazi mkubwa alisema pia, bila kuitwa, akieleza jinsi ndugu wawili walivyogawana ardhi ya baba yao na bonde likaangukia kwa mume wa Consolée. Ilipofika mchana hakimu aliamua: wachimbaji watoke ndani ya siku kumi na tano, Antoine ayafukie mashimo na kuyarudisha maji ya kijito, na shamba libaki mikononi mwa mjane na binti yake.

Haikuwa sherehe. Bonde lilikuwa limechujwa udongo wake, likabaki mchanga. Sehemu nyingine zisingetoa mpunga kwa misimu kadhaa. Consolée alijua hivyo, na alijua pia kilichotambaa kwenye mishipa yake huenda bado kilikuwa kikitambaa. Alishuka ngazi za baraza akiwa ameshika bega la Falonne.

Antoine aliwapita pale chini. Hasira ilikuwa imemjaa, na safari hii upole haukuwapo.

"Umeshinda," alisema. "Lakini nusu ya tumbo imeshakatwa. Sasa utalima na tumbo gani?"

Watu waliokuwa uwanjani walisogea kusikia atasemaje. Consolée alikaza kitenge chake.

"Na mikono, shemeji," alisema. "Tumbo halijawahi kushika jembe."